Motokaa Zisizojulikana



Juma hili tuzungumze juu ya motokaa. Najua neno hilo likitajwa tu, vijana husogea karibu. Wako watoto ambao hutambua aina ya gari kwa mlio wake, kabla halijatokeza kwenye kona. Lakini leo sitaki kuwaeleza habari za magari mnayoyajua. Nataka kuwaeleza yale ambayo ni wachache mno wanaoyajua: magari yaliyotengenezwa kidogo tu, yakapita kama mvua ya kiangazi, kisha yakasahauliwa. Tena nimechagua hasa yale yaliyokusudiwa kumfaa mtu wa shamba, mwenye gunia la kupeleka sokoni na njia mbaya ya kupita.

Pengine utaniuliza, “Mimi sina hata baiskeli, habari hizi zitanifaa nini?” Ngoja kidogo, ndugu yangu. Utaona mwishoni kwamba habari za gari lisilojulikana zaweza kumwokoa mtu asipate hasara, akiwa ananunua au akiwa anauza.

KIKAPU CHA MAYAI

Tuanzie Ufaransa. Katika miaka ya 1930 mmoja wa wakuu wa kampuni ya Citroën alikuwa bwana Pierre-Jules Boulanger. Aliona kwamba wakulima wa nchi yake walikuwa bado wanakwenda sokoni kwa miguu na kwa mikokoteni ya farasi, kwa maana motokaa zilikuwa ghali. Basi akawaagiza mafundi wake watengeneze gari dogo la kuchukua wakulima wawili waliovaa viatu vyao vya miti, pamoja na viazi kilo 50. Liende mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na kwa kilomita 100 lisile petroli zaidi ya lita 3. Tena akaongeza sharti moja ambalo mama yeyote aendaye sokoni atalielewa: likipita katika shamba lililolimwa, na ndani mna kikapu cha mayai, hata yai moja lisivunjike.

Mafundi wakafanya kazi miaka kadhaa. Gari walilolipata lilikuwa la ajabu kulitazama. Bati lake lilikuwa la alumini lenye mikunjo, mithili ya bati la kuezekea nyumba. Viti vilining’inia kama machela. Taa ya mbele ilikuwa moja tu, kwa sababu sheria ya wakati ule haikudai mbili. Mwaka 1939 yalikuwa yametengenezwa magari 250, tayari kuonyeshwa mjini Paris. Mara vita vikuu vikazuka mwezi wa Septemba, na maonyesho hayakufanyika.

Wenye kampuni hawakutaka Wajerumani wayapate magari hayo. Karibu yote yakavunjwa, na machache yakafichwa. Vita vilipokwisha, gari lilitengenezwa upya, likapewa taa mbili na injini inayopozwa kwa hewa badala ya maji, likaonyeshwa mwaka 1948 kwa jina la 2CV. Waandishi wengi wa magazeti walilicheka kwa sura yake. Wakulima hawakucheka. Waliandikisha majina yao wakangoja, wengine miaka mitatu, wengine hata mitano. Gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990, na jumla yake ikapita milioni 3.8.

Lakini yale ya kwanza yenye taa moja yalikuwa wapi? Watu walidhani yamebaki mawili tu. Kisha mwaka 1994, huko La Ferté-Vidame, mahali ambapo kampuni ilikuwa ikiyajaribia magari yake, matatu yalionekana darini mwa ghala la shamba. Yalikuwa yamekaa humo miaka mingi, yamejaa vumbi, na watu wakipita chini yake. Fikiri jambo hilo, msomaji. Kitu ambacho wataalamu walikitafuta kote duniani kilikuwa juu ya vichwa vya watu, kikionekana kama bati bovu.

INJINI MBILI

Gari hilo hilo la 2CV lilikuwa na ndugu yake ambaye ni wachache waliopata kumwona. Aliitwa Sahara, kwa sababu alikusudiwa kwa mchanga wa jangwa kubwa la kaskazini ya Afrika. Alianza kutengenezwa mwaka 1960.

Kwa kawaida gari la kupita mahali pabaya hupewa injini moja yenye nguvu ya kusukuma magurudumu yote manne. Mafundi wa Sahara walifanya vingine. Walitia injini moja ndogo mbele, ya kuvuta magurudumu ya mbele, na nyingine kama hiyo nyuma, ya kusukuma ya nyuma. Kila injini ilikuwa na tangi lake la petroli na ufunguo wake. Dereva aliweza kuwasha moja tu akiwa barabarani, na kuwasha zote mbili akiingia katika mchanga au kupanda mlima. Hata kama injini moja ilikufa njiani, aliweza kurudi nyumbani kwa ile nyingine.

Akili nzuri, sivyo? Lakini injini mbili ni gharama mbili, na mwenye kuzitunza hutunza mara mbili. Bei yake ilikaribia mara mbili ya bei ya 2CV ya kawaida. Hata ulipofika mwaka 1971, yalikuwa yametengenezwa magari 694 tu. Baadhi yalinunuliwa na polisi wa Hispania. Leo hii atakayeliona moja limesimama mbele yake ameona kitu adimu kweli.

BATI LA KUKUNJA, NA MBAO

Sasa tuje barani kwetu Afrika. Mwaka 1969, huko Côte d’Ivoire, lilianza kutengenezwa gari lililoitwa Baby-Brousse, yaani mtoto wa porini. Injini na magurudumu yalikuwa ya Citroën, lakini kiwiliwili chake kilikuwa bati lililokatwa na kukunjwa papo hapo, bila mashine kubwa za kulifinyanga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ikafuata mfano huo, ikatoa gari jingine la namna hiyo kwa jina la FAF. Jina hilo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kifaransa yenye maana ya “rahisi kutengeneza, rahisi kugharimia.” Lilitengenezwa katika nchi chache, kama Senegal, Guinea-Bissau na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ulikuwa mpango mzuri, kwa kuwa fundi anayejua kutengeneza masanduku ya bati aliweza kujifunza kutengeneza gari lake. Hata hivyo halikudumu.

Mwingereza mmoja, Tony Howarth, mpiga picha na mwandishi, alikwenda mbali zaidi. Alisema bati huoza kwa kutu, na mashine za kulifinyanga ni ghali, basi kwa nini gari lisiwe la mbao? Akatengeneza magari matatu ya plaiwudi iliyolowanishwa gundi ngumu isiyopenyezwa na maji, moja likiwa na magurudumu sita, akayapa injini za Citroën. Aliyaita Africar. Mwaka 1984 yeye na wenzake waliyaendesha kutoka kwenye baridi kali ya kaskazini ya Ulaya, wakavuka jangwa, hadi kwenye Ikweta. Magari ya mbao yalifika! Safari hiyo ilionyeshwa katika televisheni ya Uingereza mwaka 1987, na watu wengi walitaka kununua. Lakini Howarth alitaka kutengeneza hata injini yake mwenyewe, fedha zikamwishia, na mwaka 1988 kampuni ikaanguka kabla haijawapa wanunuzi magari waliyoyangojea.

MAJARIBIO YA MAJIRANI

Wala tusidhani kwamba ni Wazungu tu waliojaribu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la nchi, hata kama litakuwa na sura mbaya au mwendo wa polepole. Wakalitengeneza. Mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalikuwa tayari, na yaliweza kwenda kilomita 120 kwa saa. Likaundwa na shirika la kuyatengeneza kwa wingi. Lakini fedha za kiwanda hazikupatikana, na magari yakabaki yale yale matano.

Hapa Tanzania, huko Kibaha, liko shirika la Nyumbu, lililo chini ya Jeshi la Wananchi, ambalo mafundi wake walitengeneza malori yao wenyewe. Na Uganda, mwaka 2011, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha gari dogo la watu wawili liendalo kwa umeme, jina lake Kiira EV. Jambo hilo ni la kujivunia. Lakini niambie, msomaji, je, umepata kuona mojawapo ya magari hayo likipita mbele ya nyumba yako?

KWA NINI YALIPOTEA?

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona basi vyema hivi havikujiuza?

Nijibu kwa kutazama gari ambalo wengi walilijua. Mwaka ule ule wa 1948, 2CV ilipoonyeshwa Paris, Waingereza walitoa Land Rover. Nayo Peugeot 404 ilipata sifa hapa kwetu kwa matope yetu wenyewe. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1963, na tena ya mwaka 1968, mvua ilikuwa kali hata magari saba tu yakafika mwisho kila mara, na lililoshinda mara zote mbili lilikuwa Peugeot 404. Watu waliokuwa wamesimama kando ya njia waliliona kwa macho yao. Wakalinunua. Kwa sababu walilinunua wengi, wenye maduka wakaweka vipuri vyake. Kwa sababu vipuri vilikuwako, mafundi wakajifunza kulifungua na kulifunga. Na kwa sababu mafundi walikuwako, watu wengine wengi zaidi wakalinunua. Mambo hayo hushikana kama nyuzi za mkeka.

Gari lisilojulikana halina mkeka huo. Laweza kuwa na akili kuliko yote, lakini siku litakapovunjika kijichuma kidogo kama kidole, litasimama. Mwenye Land Rover aliazima kijichuma hicho kwa jirani, au alikitoa katika gari bovu lililolala nyuma ya gereji. Mwenye gari la injini mbili aazime wapi? Na fundi wa mbao, hata akiweza kuchonga mlango wa Africar, hawezi kuchonga pistoni.

Ndiyo maana nasema kwamba gari huzaliwa kiwandani, lakini maisha yake yako mikononi mwa fundi wa kijiji. Anayetaka kumpa mkulima gari hana budi kumpa pia vipuri na fundi, ama sivyo amempa chuma tu.

Wako walioliona jambo hilo. Mwaka 2013 lilionyeshwa Uingereza lori liitwalo OX, lililochorwa na Gordon Murray, mtu aliyejipatia jina kwa kuchora magari ya mashindano. Lilifungwa vipande vipande, hata malori sita yakaweza kuingia katika kontena moja kubwa. Lakini katika miaka ya 2020 wenye lori hilo walipoanza kazi nchini Rwanda, kwa malori ya umeme, hawakuwauzia wakulima malori. Waliwauzia nafasi: mkulima alilipia mzigo wake tu, na matengenezo yakawa shauri la mwenye lori. Huko ndiko kuelewa shida ya mkulima.

UKIONA GARI USILOLIJUA

Sasa nije kwenye faida yako wewe. Huenda nyuma ya nyumba ya babu yako, au chini ya mwembe wa jirani, pana gari la zamani ambalo kuku hutagia ndani yake. Na huenda kesho atapita mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani yake. Yeye hununua kwa kilo. Kwake gari ni chuma, liwe la aina ngapi duniani.

Kabla hujalipima kwa kilo, lisome kwanza. Fungua boneti, pangusa vumbi, utafute kibati kidogo kilichopigwa herufi na namba. Humo mna jina la mtengenezaji na namba ya chasisi. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu mwaka 1981 yana namba yenye herufi na tarakimu 17, na mwanzo wake hueleza nchi lilikosajiliwa na mtengenezaji wake: J ni Japani, W ni Ujerumani, VF ni Ufaransa. Ya zamani zaidi yana namba fupi. Andika kila kitu katika daftari, pamoja na namba ya injini. Tafuta kadi ya gari katika sanduku la karatasi za mzee. Piga picha mbele, nyuma na ubavuni. Halafu waulize watu wawili watatu wasiokuwa na haja ya kulinunua: fundi mzee wa mjini, mwalimu wa ufundi, au watu wa makumbusho.

Wakati unangoja majibu, usikubali ling’olewe taa wala usukani. Liinue juu ya mawe lisiguse udongo, ulifunike lisinyeshewe. Hayo hayana gharama.

Lakini nakuonya, usianze kuhesabu mamilioni usiku. Uchache peke yake hauleti bei. Gari la Ferrari 250 GTO yalitengenezwa 36 tu, na mwaka 2018 moja liliuzwa Marekani kwa mnada, kwa zaidi ya dola milioni 48. Bei hiyo ilikuja kwa kuwa matajiri wengi walilitamani. FAF nayo ni adimu, lakini hakuna matajiri wanaoigombania. Hata hivyo, kitu kisicho na bei kubwa chaweza kuwa na maana kubwa. Gari lililomchukua mama yako hospitali siku ya kukuzaa, au lililoleta mbegu za kwanza za kahawa kijijini, lina habari za kuwasimulia wajukuu, na mizani ya chuma chakavu haizipimi habari hizo.

KABLA YA KUNUNUA

Na wewe unayetaka kununua, pengine kwa fedha za kikundi mlizochanga miaka mitatu, nina neno. Atakuja mtu na gari zuri la jina geni, bei yake nusu ya yale mnayoyajua. Atasifu kwamba halili petroli. Huenda asema kweli. Muulizeni kwa upole mambo manne.

Kwanza, ni fundi gani, katika mwendo wa siku moja kutoka hapa, aliyewahi kulifungua gari kama hili? Mtaje jina, tukamwulize.

Pili, vipuri vyake vinauzwa duka gani, nasi tukiagiza vitatuchukua siku ngapi? Lori la nyanya likingoja kipuri miezi miwili, nyanya hazingoji.

Tatu, matairi yake ni ya kipimo kinachopatikana hapa, au ni cha peke yake?

Nne, jina lililo katika kadi ndilo jina la anayeuza, na namba ya chasisi katika kadi ndiyo iliyo kwenye gari lenyewe?

Akijibu yote vizuri, na fundi akathibitisha, nunueni kwa amani. Akianza kuwaharakisha na kusema mteja mwingine anangoja, mwacheni amwuzie huyo mteja mwingine. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi, wasomaji wapenzi, msiyadharau magari yaliyosahauliwa. Bwana aliyetaka mayai yasivunjike, na mwenzake aliyejenga gari kwa mbao, na wale walimu wa Nairobi, wote walifikiri juu ya mtu wa shamba wakati wengine walikuwa wakifikiri juu ya matajiri wa mjini. Vijana mnaopenda ufundi, yasomeni mawazo yao. Huenda mmoja wenu atatengeneza lile ambalo wao hawakulimaliza. Lakini na aanze na kipuri na fundi, kisha ndipo atengeneze gari.

Kwaherini, hadi juma lijalo.